Baiskeli ya Baba na Mtihani wa Foleni

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa ofisini walinipa kitenge, saa ya ukutani na kazi. Kitenge nimeshakishona, saa nimeitundika, na kazi ndiyo hii: wameniomba niwaandikie namna ya kuchagua maandishi ya kupeleka mtu anapoomba kazi ya uandishi kwenye jarida. Kila jarida letu linapotangaza nafasi, simu yangu haipumziki. "Mama Siwale, nipeleke makala zipi?" "Mama, ndefu au fupi?" "Mama, hii niliyoandika kuhusu siri za mafanikio inafaa?" Hiyo ya siri za mafanikio haifai, mwanangu. Nakujibu hapa hapa tuokoe muda.

Sitaeleza nilipandaje vyeo wala nililipwa nini, kwa sababu hayo hayamsaidii mtu na mengine yanatia huzuni. Nitaeleza tu jinsi nilivyopeleka maandishi yangu mwenyewe, maana katika yote ambayo waombaji wa leo wanakosea, sijaona moja ambalo sikuwatangulia.

Enzi hizo tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya, na mimi nilikuwa mchapaji kwenye duka la stesheneri hapa Tunduma, karibu na stendi. Nilikuwa nimeshapita miaka thelathini. Kazi ilikuwa kuchapa na kutoa fotokopi, lakini wateja wengi walikuja mikono mitupu, maneno yako kichwani na hayatoki. "Dada, niandikie risala. Mgeni rasmi anakuja kesho." Nikaandika. Akaja wa kwaya, akaja wa shule, wakaja wapakiaji mizigo, na kwenye misiba wakaanza kunijia kutaka wasifu wa marehemu. Kuna Jumamosi moja nilihudhuria msiba asubuhi na harusi mchana, na kote kuwili maneno yalikuwa yangu, na kote kuwili nilikaa nyuma nikimsikiliza mtu mwingine akisifiwa kwa kusoma vizuri.

Ilikuwa inaniuma, nasema kweli. Nilikuwa nimeuandikia mji mzima na hapakuwa na karatasi hata moja yenye jina langu. Mama yangu kijijini Ruanda alikuwa akiulizwa binti yake anafanya nini Tunduma, anajibu, "Anabonyeza mashine." Nilitaka, mara moja tu maishani, maneno yangu yachapwe kwenye kitu ambacho watu wanakisoma, na pale chini paandikwe Enesi Siwale.

Ndipo siku moja akaja mtu na tangazo la kutolewa fotokopi. Jarida la kila mwezi la wakulima na wafanyabiashara, lenye ofisi pale pale Tunduma, lilikuwa linatafuta mwandishi. Mwombaji aje na maandishi yake matatu. Nikatoa nakala alizotaka, nikatoa na moja yangu. Halafu zile za kwake nikazifungia kwenye bahasha vizuri sana, huku nikiomba azisahau kwenye gari.

Sasa uchaguzi. Nilikuwa na boksi zima la nakala chini ya meza, na nilichagua kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angechagua: kwa cheo cha msikilizaji. Ya kwanza nikaweka risala ya ufunguzi wa choo cha soko, kwa kuwa mgeni rasmi alikuja na msafara. Ya pili, risala ya mahafali ya darasa la saba, kwa kuwa mgeni rasmi alitikisa kichwa. Ya tatu, wasifu wa marehemu mfanyabiashara mmoja ambaye mazishi yake yalifunga barabara. Nikajiambia, kama wakubwa wote hawa walikaa kimya wakasikiliza, mhariri wa jarida ataachaje? Sikufikiria kwamba mtu aliyekalishwa meza kuu hana pa kutokea.

Mhariri alikuwa Mzee Kibona, Mndali wa milima ya Ileje, mfupi, mkimya, anayevaa buti za mpira hata kiangazi. Penseli zake alizichonga kwa kisu cha jikoni mpaka zikawa zinatisha. Ofisi ilikuwa juu ya duka la spea za malori. Nilimkabidhi bahasha kwa mikono miwili. Hakuifungua. Akachukua kigoda chake cha kukunja, akasema, "Twende chini."

Tukashuka mpaka barabarani, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka.

"Mimi nalipwa kusoma," akaniambia, "kwa hiyo siwezi kupima. Nitasoma hata lebo ya mbolea. Lakini msomaji wetu ni kama hawa. Amechoka, ana mambo yake, hakudai heshima na hana ya kukupa. Ukimchosha, anapandisha kioo. Haya, msomee huyu."

Huyu alikuwa dereva wa Zambia aliyeitwa Ba Mulenga, hiyo Ba ikiwa ni heshima ya upande wa pili. Alikuwa amekaa kwenye usukani akila karanga, kioo kimeshushwa, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota njiani kuanzia Dar es Salaam mpaka hapa. Alionekana kumfahamu Mzee Kibona vizuri, maana alipotuona alihema.

Nikasimama chini ya mlango wa lori, nikakohoa, nikaanza. "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi wa serikali, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana."

Ba Mulenga akageuka kuangalia nyuma yake ndani ya kibini. "Wako wapi hao?"

"Endelea," akasema Mzee Kibona.

"Awali ya yote tunapenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia afya njema na kutuwezesha kukutana mahali hapa siku hii ya leo."

"Mimi siku ya leo sitaki kuwa hapa," akasema Ba Mulenga. "Hii habari ni ya nini, mukwai?" Mukwai ni neno lao la adabu.

"Ni ya choo."

"Choo kinakuja lini?"

Nikaangalia. "Ukurasa wa pili."

Kioo kikapanda mpaka kidevuni. Nikatoa ya mahafali. Nilipofika kwenye changamoto zinazoikabili shule yetu akanikatiza. "Hii nimeisikia kwetu Mpika. Nimeisikia na Makambako. Wote wanaomba madawati." Kioo kikapanda mpaka puani. Nikatoa wasifu wa marehemu, silaha yangu kubwa, nikausoma kwa ile sauti ya msibani: marehemu alikuwa mcheshi, mpenda watu, mchapakazi na mwenye ushirikiano na kila mtu.

Akavua kofia. "Pole sana, sista. Ndugu yako?"

"Hapana."

"Alikuwa anachekesha kwa nini?"

Sikujua.

"Alipenda watu gani?"

Sikujua.

"Iwe!" akasema Ba Mulenga, yaani "Wewe!" kwa lugha ya kwao. "Sasa nani amekufa hapa?" Na akakipandisha kioo mpaka juu.

Nilitamani ardhi ipasuke, na pale Tunduma wakati wa mvua lilikuwa jambo linalowezekana. Mzee Kibona hakunigombeza. Alikunja kigoda chake akasema, "Umeniletea maandishi mazuri ambayo uliagizwa. Niletee moja ambalo hukuagizwa na mtu. Alhamisi. Ukikosa, namchukua kijana mmoja wa Vwawa anayeandika kuhusu nguruwe."

Nilirudi dukani nikalipekua boksi lote. Hapakuwa na hata moja. Kila nilichowahi kuandika kilikuwa na mwenyewe aliyekuja kukichukua. Isipokuwa aya moja tu, na hiyo haikuwa ndani ya boksi kwa sababu ilikuwa imefutwa.

Baba yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na wasifu wake niliuandika mimi. Sasa kwetu wasifu hausomwi hivi hivi. Kwanza wazee wa ukoo wanaingia chumbani, wanasomewa, kisha wanaondoa kila kitu ambacho kinaweza kumfanya mtu amkumbuke marehemu. Mwenyekiti siku ile alikuwa Baba Mdogo, ndugu yake baba. Niliandika aya nzima kuhusu baiskeli ya baba. Baba Mdogo alisikiliza, akafumba macho, akasema, "Hiyo itoke. Tunazika mtu, hatufanyi michezo." Akaisimamia mwenyewe kufutwa, na kaburini akasoma yeye: "Marehemu alikuwa mmiliki wa chombo cha usafiri."

Nikapanda gari la kwenda Mbeya, nikashuka Ruanda. Nilimkuta mama uani anapukuchua mahindi. Nikamwambia, mama, nataka kuandika habari za baiskeli ya baba. Akaacha mahindi. Akaanza kucheka taratibu, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Mambo yalikuwa hivi. Baba alinunua baiskeli baada ya msimu mzuri wa kahawa, na hakujua kuendesha. Alijaribu mara moja, alfajiri, nyuma ya nyumba, akidhani hakuna anayemwona. Akaingia nayo kwenye kahawa, akavunja miche, akarudi ndani akamwambia mama, "Hii ni ya mizigo." Tangu siku hiyo akawa anaisukuma. Aliisukuma kwenda kanisani, aliisukuma kwenda shamba, na akiwa nyuma ya watu njiani alipiga kengele wampishe. Akiulizwa, anasema njia mbaya. Halmashauri ilipochonga barabara, akasema sasa magari yatakuwa mengi. Kilele cha yote ni siku mgeni wa kutoka Isansa alipoomba lifti. Kumkatalia ilikuwa aibu, na kumwambia ukweli ilikuwa aibu zaidi. Baba akamkalisha kwenye keria, akamsukuma mpaka barabara kuu, mgeni akishikilia koti lake na wote wawili wakizungumza habari za mvua.

Tukiwa katikati ya hayo, Baba Mdogo akaingia uani akisukuma baiskeli hiyo hiyo. Aliirithi yeye. Ilikuwa na mfuko wa mbolea kwenye keria. Akasikia tunachocheka na kwamba nitakwenda kukisoma kwenye foleni, akaiegemeza ukutani.

"Unataka kwenda kumsema kaka yangu mbele ya madereva wa malori?"

"Simsemi vibaya, Baba Mdogo. Namkumbuka."

"Mkumbuke kimya kimya kama sisi wengine."

"Kuna kazi, Baba. Nikikosa hii nitabaki kuwaandikia watu mpaka nizeeke."

"Basi waandikie. Ni kazi ya heshima." Akashika usukani wa baiskeli. "Ukiiandika hiyo, Enesi, usinisalimie."

Hilo lilinichoma. Baba alikuwa ameshakwenda, na huyu ndiye alikuwa amebaki wa kuitwa baba. Yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini. Nilikaa jikoni na mama mpaka moto ukazimika, sijui la kufanya, mpaka mama mwenyewe akasema, "Mimi nimeishi na baiskeli ile kuliko wao wote. Andika." Nikaandika. Nilianza na neno la kweli nililolijua kuliko yote, na kila aya iliyokuja na waheshimiwa wake niliikata.

Alhamisi nikamkuta Ba Mulenga pale pale, foleni imesogea kidogo tu. Aliponiona akaanza kuzungusha kioo. Mzee Kibona akagonga mlango. "Moja tu," akamwambia.

Nikasoma: "Baba yangu alimiliki baiskeli kwa miaka mingi, na hakuna mtu barabarani aliyewahi kumwona amekaa juu yake."

Kioo kikasimama. Nikaendelea na ile alfajiri ya nyuma ya nyumba. Kioo kikashuka. Nilipofika kwenye kuchongwa kwa barabara, dereva wa lori la nyuma alikuwa ameshashuka na kikombe cha chai mkononi, na wa mbele anakuja. Nilipofika kwa mgeni wa Isansa kwenye keria, Ba Mulenga alicheka akaupiga usukani kwa kiganja, na honi ya lori ikalia. Wa nyuma wakasikia honi, wakajua foleni imeanza kutembea. Wakawasha. Wakapiga na wao. Honi zikaenda zikipokezana mpaka nisikoona, injini zikanguruma, utingo wakakimbilia magari yao wakiwa na masufuria, na askari akaja mbio kuuliza nani amefungua geti.

Moshi ulipotulia, Ba Mulenga alikuwa anafuta macho. "Baba yangu mimi alikuwa na redio," akasema. "Haikuwa na betri. Alienda nayo kanisani." Akatikisa kichwa. "Endelea, mukwai."

"Imeisha."

"Haijaisha. Hiyo baiskeli iko wapi?"

"Anayo Baba Mdogo."

"Yeye anaendesha?"

Nikaanza kuvuta picha yake kichwani. Nilimwona Baba Mdogo akiingia uani na ule mfuko wa mbolea. Nikamwona kanisani, nikamwona mnadani, nikamwona kwenye njia zote za Ruanda, na kote alikuwa anatembea kwa miguu kando ya baiskeli.

Mzee Kibona alikuwa ananitazama usoni. "Hiyo usiiandike," akasema taratibu. "Hiyo ina mwenyewe, na bado yupo. Jumatatu uje kazini."

Makala ilitoka toleo lililofuata, na chini yake paliandikwa Enesi Siwale. Niliipeleka mwenyewe kwa mama. Hakujua kusoma. Alisomewa yote, kisha akaomba aonyeshwe jina langu liko wapi, akaliwekea kidole na hakukiondoa mpaka chakula kilipoiva. Baba Mdogo alitimiza ahadi yake. Hakunisemesha mpaka kahawa ikaiva tena, na tukikutana alinisalimia kupitia watu wengine. "Mwambieni Enesi karibu. Mwambieni Enesi chai inapoa." Baadaye salamu zikarudi, lakini habari ya baiskeli hatukuigusa tena.

Mzee Kibona alipoondoka aliniachia uhariri na kigoda, na mtihani wa foleni nikauendeleza mimi. Siku foleni inapokatika nchi nzima inafurahi, isipokuwa chumba chetu cha habari. Nimepokea bahasha za kila namna. Kijana mmoja alileta tasnifu ya chuo yenye jalada gumu, tukaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo, na iliifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Mwingine aliniletea makala nzuri sana, nikaisoma kwa raha mpaka katikati ndipo nikatambua niliiandika mimi. Nikamwambia mwandishi wake ana kipaji, lakini nafasi yake imeshajazwa. Na kuna binti wa Chitete ambaye hakuwa na makala hata moja, akanionyesha kwenye simu ujumbe aliowaandikia ndugu kuwaita kwenye kikao cha harusi ya kaka yake. Nilimuuliza, walikuja? Akasema walikuja wote, hata waliogombana. Nikamwajiri siku ile ile, na sasa ndiye anayekalia kiti changu.

Kwa hiyo mnaoniuliza, sikilizeni. Usipeleke kilichosifiwa na wakubwa, maana wao husifu ili waondoke. Usipeleke kitu kwa sababu ni kinene. Usipeleke kitu kwa sababu tu kilishachapwa mahali. Soma jarida lenyewe kwanza ujue linasomwa na nani, kisha msomee mtu wa namna hiyo kwa sauti, mtu ambaye hakudai kitu na ana kioo cha kupandisha. Pale atakapokuuliza swali, hapo ndipo makala yako inapoanzia, na kilichotangulia kikate. Na kama katika vyote ulivyoandika kuna kipande ambacho watu wa nyumbani walikwambia ukitoe, kitazame tena kabla hujafunga bahasha.

Nilikuwa nimefika hapa, nadhani nimemaliza, wiki iliyopita, bodaboda ikasimama nje. Baba Mdogo akashushwa. Ameshakuwa mzee sana sasa, anatembelea fimbo, masikio mazito. Nikampokea, nikamkalisha, nikamletea chai. Akainywa yote.

"Nasikia umestaafu," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Una nafasi?"

"Ninayo, Baba."

"Basi niandikie wasifu wangu."

"Baba Mdogo, wewe si bado mzima?"

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nikishakufa watakaa chumbani, na mimi najua kinachofanyika mle chumbani."

Nikachukua karatasi na kalamu. Nikamuuliza nianzie wapi, kuzaliwa au kubatizwa. Aliiweka fimbo yake magotini, akawa anaishikashika huku na huku kama usukani.

"Andika kwamba na mimi nilisukuma," akasema. "Na pale chini weka jina lako kubwa, wajue pa kuja kulalamika."